Kabla ya Chai Kulikuwa na Uzi

Krismasi iliyopita shangazi yangu alitoka Nakuru na zawadi: blanketi mbili nzito za kutoka Uchina, zile za maua makubwa zinazouzwa zikiwa kwa mfuko wa plastiki wenye zipu. Kila mtu alifurahi. Kufikia Januari, blanketi ya zamani ya Gogo ilikuwa imehamishiwa kwa banda la ndama.

Gogo ni nyanya yangu, mama ya baba. Hakusema kitu. Alisema tu ndama pia husikia baridi.

Mimi ndiye nilienda kuitoa huko. Niliifua mara tatu, na kwa hii baridi yetu ilichukua karibu wiki kukauka. Hii story yote inaanza hapo, kwa sababu ukiona kitu kikianikwa wiki nzima unaanza kukiangalia vizuri.

Ina vipande 96. Mistari kumi na mbili, kila mstari vipande vinane. Kila kipande ni mraba uliofumwa kwa mkono, na karibu kila mmoja una rangi yake. Nyuma kumeshonewa mashuka mawili makuukuu yaliyounganishwa katikati. Huyo mama hakuingia dukani kununua uzi wa blanketi. Alifumua masweta yaliyozeeka, moja baada ya lingine, akafuma upya. Ilimchukua miaka sita, na alikuwa akifanya kazi hiyo Juni, Julai na Agosti peke yake.

Nilimuuliza kwa nini miezi hiyo tu. Aliniangalia kama mtu ameuliza kwa nini tunakula jioni.

Nikuelezee, maana hapa ndipo historia ya kwetu imejificha.

Kama umekulia Nairobi, baridi ya Julai ni ya kulalamika tu. Unavaa hudi, unapiga picha mvuke ukitoka mdomoni, maisha yanaendelea. Huku mpakani mwa Kericho na Bomet baridi inabadilisha hesabu ya nyumba nzima. Tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Ukungu unalala kwa chai mpaka saa nne, jua linatokea kidogo, halafu mvua, na mara nyingine mvua ya mawe. Kericho na Nandi Hills ni kati ya sehemu za dunia zinazopigwa na mawe siku nyingi zaidi kwa mwaka. Miaka ya 60 na 70 kulifanywa majaribio ya kurusha kemikali mawinguni ili mawe yasiharibu mimea. Hiyo ilikuwa kwa ajili ya chai. Watu walikuwa na sweta.

Sasa shika hii: chai nayo inasikia baridi. Juni mpaka Agosti inakua polepole, kwa hivyo majani ya kuchuma yanapungua. Majani yakipungua, pesa ya mwezi inapungua. Na ile bonasi ambayo kila mkulima wa KTDA anaingojea? Mwaka wa hesabu unafungwa mwisho wa Juni, lakini pesa yenyewe huja baadaye, mara nyingi Oktoba. Katikati hapo kuna shule zinafunguliwa na watoto wanataka masweta.

Kwa hivyo miezi ya baridi ni ile miezi ambayo mikono iko huru, mfuko umekauka na watoto wanatetemeka. Kufuma haikuwa hobi. Ndiyo ilikuwa jibu pekee la mambo matatu kwa mpigo.

Sawa. Sasa turudi nyuma kabisa, kabla ya sweta.

Watu wa hapa, Wakipsigis, walivaa ngozi. Ngozi ya mbuzi, ya ndama, ya ng'ombe, iliyokwaruzwa na kulainishwa kwa mafuta mpaka ikakunjika kama kitambaa, na za akina mama zilipambwa kwa shanga. Wazee walikuwa na majoho ya manyoya, kwa mfano ya pimbi, ngozi nyingi ndogo zikiunganishwa pamoja kupata joho moja. Yaani wazo la kushona vipande vidogo mpaka upate kitu kikubwa cha joto halikuletwa na mtu hapa. Uzi ndio ulikuwa mgeni.

Na hapa ndipo nilishtuka nikisoma. Shuleni tulifundishwa Kericho ni chai, ni kama Mungu aliumba chai siku ya tatu na Kericho siku ya nne. Lakini mashamba makubwa unayoyaona barabarani hayakuanza yote na chai. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, serikali ya kikoloni iligawa ardhi kwa wanajeshi Wazungu. Kundi moja la maafisa waliojeruhiwa vitani lilipewa ekari 25,000 za ardhi ya Wakipsigis hapa Kericho. Mradi wao uliitwa British East Africa Disabled Officers Colony, kwa kifupi BEADOC. Unajua walikuja kupanda nini?

Kitani. Ule mmea unaotoa nyuzi za kutengeneza kitambaa cha linen.

Bei ya kitani ilikuwa juu sana wakati ule wa vita. Walipofika, bei ikaanguka vibaya. Mradi ukafa ndani ya muda mfupi. Lakini ardhi haikurudishwa kwa wenyewe. Katikati ya miaka ya 20 Brooke Bond na James Finlay waliingia, na sehemu ya mashamba ya chai ya Kericho ilianzia kwenye hiyo ardhi ya kitani. Kwa hivyo wazee wetu waliondolewa kwanza kwa sababu ya uzi. Chai ilikuja kurithi.

Nilimsimulia Gogo. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Kwa hivyo Wazungu walikuja kutafuta uzi hapa wakaukosa?"

"Ndiyo, Gogo."

"Si wangeniuliza."

Uzi uliotufikia sisi wa kawaida ulipitia njia nyingine. Kwanza maduka ya Wahindi na mablanketi ya dukani, ambayo yalikuwa kati ya vitu vya mapema watu walinunua na mshahara. Halafu misheni. Pande za Litein na Tenwek, kama kwingine Kenya, msichana akienda kusoma alifundishwa pia kushona na kufuma. Nguo ya kitambaa ikawa alama ya msomi, na ngozi ikaanza kuitwa ushenzi. Ilichukua vizazi viwili tu kufanya watu waone aibu ya kitu kilichowapa joto miaka yote hiyo. Kumbuka hiyo aibu, nitairudia.

Halafu mwaka 1952. Mwaka wa Hali ya Hatari. Serikali ya kikoloni inapigana na Mau Mau, na mwaka huo huo inaanzisha Maendeleo ya Wanawake. Vilabu vinasambaa vijijini, vikiongozwa mwanzoni na Wazungu, wengi wao wake za maafisa na masetla. Akina mama wanafundishwa usafi, kupika, kulea mtoto, kushona na kufuma. Lengo halikuwa siri kubwa: mama akikaa na sindano na kutunza nyumba, hatakuwa na muda wa siasa. Mwaka 1958 Phoebe Asiyo akawa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Maendeleo, na shirika likaanza kubadilisha sura.

Wenye kusoma historia ya wanawake Kenya wamevikosoa sana vile vilabu vya mwanzo. Wanasema vilimfunga mama jikoni na kumpa kitambaa badala ya haki. Mimi pia nilikuwa upande huo. Ni rahisi kuwa upande huo ukiwa hujawahi kuuliza mtu aliyekuwa huko.

Gogo hakuwa kwa kilabu, alikuwa msichana mdogo. Lakini shangazi yake alikuwa, na ndiye aliyemfundisha. Sindano zao hazikutoka dukani. Zilikuwa spoki za baiskeli, zilizonolewa kwa jiwe. Ile ya ndoano, ya kufumia vitambaa, ilikuwa pia spoki iliyokunjwa ncha. Gogo bado anayo moja. Imekuwa laini kama kijiko cha fedha.

Na hawa akina mama walifanya nini na yale mafunzo ya kuwa "mke mzuri"? Waliyageuza kuwa biashara.

Ili uelewe uzito wa hiyo, lazima uelewe chai ilikuwa ya nani. Wakati mrefu wa ukoloni Waafrika walizuiwa kupanda chai yao. Mlango ulifunguliwa miaka ya 50, na mwaka 1964, baada ya Uhuru, KTDA ikaanzishwa kwa ajili ya wakulima wadogo. Hiyo ni hadithi nzuri na ya kweli, kuna nyumba nyingi za mabati na digrii nyingi zilitoka hapo. Ila namba ya mkulima ilifuata shamba, na shamba lilikuwa kwa jina la mwanaume. Mama anaamka gizani, anafunga aproni ya plastiki, anachuma majani mawili na chipukizi mpaka vidole vinakuwa vyeusi, anabeba kikapu mpaka kituo, na risiti inaandikwa jina la mzee. Kuna nyumba mama alipewa pesa ya mwezi ya kununua chakula na bonasi ikawa ya mzee. Kuna nyumba hakupewa hata hiyo. Kuna wake waliogoma bila kelele: waliacha chai ya nyumbani ikomae wakaenda kuchuma kwa jirani kama vibarua, kwa sababu huko walilipwa mkononi.

Sweta haikuwa na namba ya mkulima. Mama akifuma sweta ya mtoto wa jirani na kuiuza, hakuna karatasi inayoenda kwa mtu mwingine. Pesa inaingia kwa fundo la leso. Ndiyo maana kikundi cha kufuma na chama cha kuweka akiba vilikuwa mara nyingi kitu kimoja: mama kumi wanakaa jikoni kwa mmoja wao siku ya mvua, mikono inafuma, kila mmoja anatoa shilingi zake, mmoja anaondoka na zote. Vikundi vingine vilikuja kununua mashine ya kufuma na kuwa wanashonea shule masweta.

Ng'ombe wa kwanza wa Gogo alitoka kwa masweta. Baba yangu alisoma sekondari na maziwa ya huyo ng'ombe. Hii sikuwahi kuisikia mpaka siku tulipokunjua blanketi kitandani. Nyumbani story rasmi ilikuwa kwamba babu alisomesha watoto na chai. Hakuna mtu alidanganya. Ni vile tu chai ilikuwa na risiti na masweta hayakuwa nazo.

Sasa vipande vyenyewe. Nilimwomba Gogo aniambie kila kimoja kilitoka wapi. Nilidhani tutamaliza na kikombe kimoja cha chai. Giza liliingia tukiwa hatujafika nusu.

Vya kijani kibichi ni sweta ya shule ya shangazi, huyo huyo wa Nakuru. Vya kijivu ni uzi wa kiwandani Eldoret, ambao alibakisha kwa kazi za kuuza. Siku hizo Eldoret ilikuwa mji wa nguo. Mpaka leo ukimwambia mtu mzima "Raymond" hafikirii jina la mwanaume, anafikiria blanketi nzito ya kiwanda cha huko. Kisumu walikuwa na KICOMI, Eldoret wakawa na Rivatex tangu miaka ya 70.

Halafu rangi zinaanza kuwa nyingi. Waridi, zambarau, nyekundu ya kung'aa, moja ina uzi wa dhahabu ndani. Hiyo ni miaka ya 90. Soko lilifunguliwa, mitumba ikamwagika, na viwanda vikaanza kufa kimoja kimoja. Rivatex yenyewe ilifungwa, ikaja kununuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007. Tunajua hiyo story upande wa kazi zilizopotea na ni ya kweli. Lakini kwa Gogo mtumba ulikuwa machimbo ya uzi. Sweta ya mzee fulani wa Ulaya, ambayo hakuna mtu Bomet angevaa, ilikuwa na sufu ambayo yeye hangeweza kununua maisha yake yote.

Alinifundisha kuchagua. Unageuza sweta ndani nje, unaangalia mshono wa ubavuni. Kama imekatwa kwa makasi halafu ikashonwa na mashine kwa ukingo, iache, ukivuta utapata vipande vifupi tu. Kama kila upande ulifumwa kivyake kisha ukaunganishwa, hiyo ni mali. Unakata uzi mmoja wa ubavu, unavuta, na sweta nzima inarudi kuwa uzi mmoja mrefu. Unazungushia miguu ya kiti. Unaosha na maji vuguvugu kwa sababu uzi uliofumuliwa umejikunja kama tambi, unatundika na jiwe chini ili unyooke, ukikauka unakunja mpira. Sweta moja ya mtu mkubwa, mvua mbili tatu.

Nikikwambia haya usidhani nataka turudi huko. Gogo alifuma blanketi kwa sababu hakuwa na pesa ya kununua, na alikuwa ameona watoto wa majirani wakizikwa kwa homa ya mapafu. Alifuma usiku akiwa amechuma chai mchana, na hakuna mtu aliyeiita hiyo kazi. Ningempa blanketi ya dukani mwaka ule angeichukua mbio.

Ninachokataa ni vile tunahesabu. Na si sisi pekee.

Kuna kijiji Alabama, Marekani, kinaitwa Gee's Bend. Zamani kilikuwa shamba la pamba la watumwa, na wengi wanaoishi huko ni vitukuu vyao. Nyumba zao zilipitisha baridi, kwa hivyo akina mama walishona mablanketi ya viraka kutoka kwa suruali za kazi zilizochakaa, magotini rangi ikiwa imefifia. Kwa miaka mingi yalikuwa vitu vya kulalia tu, mengine yalichomwa ili moshi ufukuze mbu. Mwaka 2002 yalitundikwa kwenye jumba la makumbusho la Houston, kisha New York, na watu wakasema ni kati ya sanaa kubwa za Marekani. Mwaka 2006 yakawekwa kwenye stempu za posta. Halafu baadhi ya akina mama wenyewe wakaenda kortini kudai kwamba wengine wanafaidika na kazi yao kuliko wao, na kesi zikamalizwa kwa maelewano. Shamba la wenyewe, baridi, nguo za kazi, mikono ya akina mama. Nikisoma niliona jikoni kwa Gogo.

Sisi tulifanya nini na zetu? Tulizicheka. Mtoto wa mjini akiona vitambaa kwa kochi anasema hii ni nyumba ya ushago. Ile aibu ya ngozi, imerudi tu ikiwa imevaa nguo nyingine. Halafu mwaka huo huo huyo mtoto analipa pesa mob kwa topu ya kufumwa ambayo ameiona Instagram, mshono ule ule, mtu aliyeifuma alijifunza kwa YouTube, na hakuna hata mmoja wao anayejua kwamba ushago kuna mama anayeweza kuifuma akiwa anaongea na macho yako kwa ng'ombe. Sichukii wenye kuuza, wauze kabisa. Nasema tu mwalimu yuko karibu na hamjamuuliza bei yake.

Na saa inakimbia. Mwaka 2023 watu walichoma mashine za kuchuma chai hapa Kericho kwa sababu mashine moja inafanya kazi ya mikono mingi sana. Kampuni kubwa zimebadilisha wenyewe. Kila moja ya hizo habari itaingia kwa vitabu, na inafaa iingie. Lakini ukiwauliza akina mama waliopoteza kibarua wanafanya nini sasa Julai imefika, wengi watakwambia wanatafuta kitu cha mikono ambacho ni chao. Ni swali lile lile la 1965.

Gogo ana mtoto wa jicho upande wa kushoto. Rangi za giza anazichanganya, anazitambua kwa kugusa. Tumekaa na hiyo blanketi jioni nyingi tangu Juni ianze. Ninakata vipande vya shuka nyeupe, naandika kwa kalamu ya wino usiotoka, nashonea upande wa nyuma: huyu ni nani, mwaka gani kama anakumbuka, sweta ilitoka wapi. Mpaka jana tulikuwa na 58. Kuna vingine alishika, akazungusha kidole, akasema, "Huyu amepotea." Hivyo naviacha bila jina.

Na mimi najifunza kufuma. Kipande changu cha kwanza kilichukua wiki mbili na kilikuwa na pembe tano. Gogo alikipima kwa mkono, akatafuta mwisho wa uzi, akavuta. Kikaisha chote kwa dakika moja. Akanirudishia mpira.

"Uzi haujaharibika," alisema. "Anza tena, bado Agosti iko."

Kwa hivyo ukienda ushago msimu huu na upewe blanketi ya ajabu ajabu ya rangi zisizopatana, usiitupe kwa banda la ndama. Igeuze, angalia mshono, halafu uliza ilitoka kwa sweta ya nani. Uliza mapema, kabla ya giza. Utakaa.